Ufito Uliopinda Haulazimishwi

Yafuatayo ni maandishi kamili ya mazungumzo yaliyoandaliwa kwa mafundi wa majahazi ya mfano, wanafunzi wa useremala na wakazi wote wa Kaunti ya Lamu.

 

Mazungumzo ya leo ni juu ya kitu kidogo chenye gharama kubwa: kipande cha mbao kilichopinda. Kila fundi wa vijahazi vya mapambo anakijua. Jioni anapasua fito zake, zinalala mezani zimenyooka kama mstari wa rula. Asubuhi anafungua mlango wa karakana, anazikuta nusu yake zimekuwa kama ndizi. Mkuku alioupiga randa jana umejisokota. Ubao wa sitaha umejikunja kama kigae cha chungu. Na mteja anaondoka na ndege Jumapili.

Katika hali hiyo wengi hufanya moja kati ya mambo mawili. Wa kwanza hutupa ile mbao jikoni, ikawa kuni. Wa pili huilazimisha: huibana kwa vidole, hupiga msumari mwembamba, humimina gundi, akashika mpaka ishike. Huyu wa pili hujiona mwerevu kwa sababu kazi imeonekana imekwisha. Lakini ufito uliolazimishwa haujanyooka. Umefungwa tu, na kila saa unaendelea kuvuta. Ukishindwa kung'oa msumari, huvuta chombo kizima. Ndiyo sababu baadhi ya vijahazi, ukivitazama kutoka omoni, utaona mlingoti unaelekea upande mmoja na tezi inaelekea upande mwingine, kana kwamba chombo kimepigwa na kusi kikiwa rafuni.

Jambo hili si la urembo peke yake. Mji wa kale wa Lamu uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na tangu hapo mgeni anayekuja anataka kurudi kwao na kitu kinachomkumbusha bahari hii. Kijahazi kilichotengenezwa kwa mkono, chenye mkuku, mataruma na tanga, ni bidhaa inayobeba jina la Lamu ndani ya sanduku la msafiri. Kikifika huko kikaanza kufunguka, mnunuzi hawezi kujua kama ni hewa au ni mbao. Atasema ameuziwa kitu kibovu, na atawaambia wenzake. Hasara hiyo haimwangukii fundi mmoja tu. Inaangukia meza zote za barabarani.

Kwa hiyo swali la leo ni hili: mbao ikipinda, inanyooshwaje ikanyooka kweli? Jibu lake linaanza na kujua kwa nini ilipinda.

Mbao ni fungu la nyuzi zenye kunywa maji. Mti mbichi unaweza kubeba maji yanayozidi nusu ya uzito wa mbao hiyo hiyo ikiwa kavu. Maji yakipungua mpaka karibu asilimia 30, mbao haijaanza kusinyaa bado. Yakishuka chini ya hapo, ndipo inaanza. Na haisinyai sawasawa. Kwa miti mingi, ubao wa milimita 100 ukitoka ubichi mpaka ukavu kabisa hupungua karibu milimita 8 ukipimwa kufuata mzunguko wa pete za mti, karibu milimita 4 ukipimwa kutoka kiini kwenda gome, na robo ya milimita au chini ya hapo ukipimwa kwa urefu wa nyuzi. Hapo ndipo siri yote ilipo. Upande mmoja unasinyaa zaidi ya mwenzake, na mbao haina la kufanya ila kujipinda.

Kinachofanya pande zisikauke pamoja ni mambo ya kila siku. Ufito umeachwa dirishani, jua linapiga upande mmoja. Ubao umelazwa juu ya sakafu ya saruji, chini unanyonya unyevu na juu unakauka. Sitaha imepakwa vanishi juu, chini imeachwa tupu. Mwezi wa Mei mvua ya masika inaponyesha, karakana nzima inakuwa kama sufuria yenye mvuke. Januari kaskazi inapovuma, hewa ni nyingine. Mbao inasikia yote hayo.

Ipo sababu nyingine isiyotoka kwenye hewa. Mti uliokua umeinama, au tawi lililobeba uzito wake kwa miaka, hutunza mvutano ndani yake. Ukilipasua, vipande viwili huachana kama mkasi pale pale kwenye msumeno, kabla jua halijavigusa. Mbao ya namna hii hata ikinyooshwa leo, kesho itarudi. Fundi hapaswi kushindana nayo. Lakini asiitupe pia, kwa sababu fundi wa jahazi kubwa akitafuta mataruma hutafuta mti uliopinda wenyewe, nyuzi zake zikifuata mkunjo. Kwenye kijahazi ni hivyo hivyo. Tawi lililokataa kuwa mkuku linaweza kutoa taruma zuri sana.

Basi kabla ya kuchemsha maji, fundi hutazama. Hushika ufito kwa ncha moja, akaufikisha jichoni kama anayelenga shabaha, akautazama kwa urefu. Kisha huulaza juu ya kioo kizito au kigae cha sakafu kilichonyooka na kuubonyeza kona moja baada ya nyingine. Ukicheza kona kwa kona kama meza yenye mguu mfupi, umejisokota. Ukiacha mwanga katikati, umepinda kama upinde. Ukiwa mpana na kingo zake zimeinuka, umejikunja. Na kama umelala vizuri kabisa lakini ukingo wake unakwenda kama barabara yenye kona, umepinda ubavuni.

Aina hizi hazitibiwi dawa moja, na wengi hupotea hapo.

Uliopinda kama upinde ndio rahisi, kwa kuwa unapindika kwa upande wake mwembamba. Uliopinda ubavuni ndio mkaidi kuliko wote. Ufito wa unene wa milimita 2 na upana wa milimita 8 ukitaka kuunyoosha kwa upande wa upana wake, utajikunja au utavunjika kabla haujatii. Huo haustahili mvuke. Hunyooshwa kwa randa kama una nafasi, au hukatwa vipande vifupi vinavyotosha nafasi ndogo za omoni na tezini, ambako mkunjo huo huenda ukafaa ulivyo. Fundi mwenye macho huweka fito za namna hii pembeni, zimefungwa fungu moja, na hurudi kwake mara nyingi kuliko anavyotarajia.

Sasa kwa ule unaonyosheka. Ndani ya mbao, kinachoshikilia nyuzi pamoja ni kitu kama gundi kiitwacho lignini. Kikiwa kibaridi na kikavu ni kigumu. Kikipata unyevu na joto linalokaribia la maji yanayochemka, kinalegea, na nyuzi zinaweza kuteleza kidogo zikiachana na nafasi zao za zamani. Kikipoa, kinashika tena pale nyuzi zilipofikia. Maji peke yake bila joto hulainisha kidogo tu. Joto peke yake bila maji hukausha na kupasua. Yanatakiwa yote mawili, halafu inatakiwa subira ya kukausha, na subira hiyo ndiyo inayokosekana Lamu, Mombasa na kila mahali.

Kwa fito nyembamba za kufunika ubavu wa kijahazi, fundi hahitaji mtambo. Huzitia katika maji kwa saa moja au zaidi, akaziwekea jiwe zisielee. Kisha huzipitisha katika maji moto au juu ya mvuke. Mafundi wa mbao duniani hutumia kipimo cha saa moja ya mvuke kwa kila inchi moja ya unene, yaani milimita 25. Kwa hesabu hiyo, ufito wa milimita 3 unatosheka kwa dakika saba hivi, na wa milimita 6 kwa dakika kumi na tano. Kuuacha saa nzima hakuongezi utii. Nyuzi zake zitaanza kuinuka na uso utakuwa na manyoya.

Fito ndefu zisizoingia sufuriani hutiwa ndani ya bomba. Bomba la chuma au sanduku refu la mbao hutulizwa juu ya birika linalochemka, ncha moja ikipokea mvuke na ncha ya pili ikizibwa kwa kitambaa kilicholegea. Neno "kilicholegea" lisipite hivi hivi. Bomba lililozibwa kwa nguvu pande zote mbili, huku maji yanachemka, linaweza kupasuka na kumuunguza aliye karibu. Glavu nene zinahitajika, kwa kuwa mvuke humuunguza mtu kabla hajauona. Na jiko la makaa liwe nje au penye dirisha wazi. Moshi wa makaa usioonekana umeua watu waliolala karibu nao, na karakana iliyofungwa kwa ajili ya mvua ni hatari sawa na chumba cha kulala.

Ufito ukitoka kwenye mvuke, fundi ana muda mfupi, nusu dakika hivi kwa ufito mwembamba, kabla haujaanza kugoma. Hapo ndipo lilipo kosa la pili la kawaida: kuunyoosha ukawa sawa, na kuuachia. Utarudi. Mbao hukumbuka. Dawa yake ni kuupitisha kidogo. Ukiwa umepinda kwenda kushoto, hupindwa kwenda kulia kiasi kidogo kupita mstari, ukabanwa hivyo ukikauka. Ukifunguliwa, hurudi nyuma na kusimama karibu na mstari. Kiasi gani cha kupitisha? Hicho hujulikana kwa mti wenyewe. Msaji una tabia yake, mwembe una yake, mbambakofi ambao ni mgumu hautoi kitu bure. Fundi hujaribu kipande kimoja cha mabaki kabla ya kuziingiza fito ishirini.

Kubana kunahitaji kitu kilichonyooka na uzito. Vipande viwili vya mbao ngumu vilivyopigwa randa, ufito katikati, na jiliwa au vibano pembeni. Asiye na vibano hutumia kamba iliyosokotwa kwa kijiti, au mtungi wa lita 20 uliojaa maji, ambao ni kilo 20 kamili na haudai kununuliwa. Vibanio vya nguo vinatosha kwa fito nyembamba. La muhimu ni hewa. Ufito uliobanwa kati ya mbao mbili bila mwanya haukauki. Unachemka ndani kwa ndani na kuota ukungu. Fundi huweka vijiti vyembamba kila baada ya upana wa kiganja ili upepo upite pande zote mbili kwa usawa. Kivulini, si juani. Siku nzima wakati wa kaskazi, siku mbili au tatu wakati wa masika. Ufito unaoonekana mkavu kwa nje mara nyingi bado una maji ndani, na njia nyepesi ya kujua ni kuugusisha shavuni: ukisikika baridi kuliko ufito mkavu ulio jirani yake, haujawa tayari.

Uliojisokota hufanyiwa kazi hiyo hiyo, ila mikono inageuka. Ncha moja hubanwa kwenye meza, ncha ya pili hufungwa kijiti kama mkono wa usukani, kisha huzungushwa kinyume cha msokoto na kufungwa hapo mpaka ukauke. Hapa kupitisha ni lazima zaidi kuliko kwenye upinde.

Ubao mpana uliojikunja una dawa nzuri ya kizamani isiyohitaji hata jiko. Upande ulioingia ndani, kwa kawaida, ndio uliokauka na kusinyaa zaidi. Basi ubao hulazwa upande huo chini, juu ya kitambaa chenye unyevu, na upande ulioinuka huachwa utazame jua. Chini kunakunywa na kutanuka, juu kunakauka na kusinyaa, na ubao unajilaza wenyewe mbele ya macho. Lakini mtu asiende kunywa chai akausahau. Hutazamwa kila nusu saa, kwa kuwa jua la Lamu linaweza kuupitisha ukajikunja upande wa pili. Ukinyooka, huondolewa juani, hubanwa kwa uzito kati ya vijiti, na huachwa ukauke pande zote. Sitaha ya namna hii bado inahitaji mihimili midogo chini yake wakati wa kujenga, ya kuushika.

Plaiwudi inastahili neno fupi. Vijana wengi sasa hukata mataruma yao kwenye plaiwudi, na hakuna ubaya. Ila plaiwudi imeundwa kwa tabaka zilizopishana nyuzi na kuungwa kwa gundi. Ikishapinda, hunyooka kwa uzito na unyevu kwa siku chache kisha hurejea. Anayenunua aitazame dukani, akatae iliyosimamishwa ukutani mwezi mzima. Kipande kilichopinda kidogo kinaweza kutumika kama kitashikwa na umbo la chombo lenyewe.

Na hilo linafikisha mazungumzo kwenye mkuku. Kama kuna kipande kimoja ambacho fundi hapaswi kusamehe, ni huu. Taruma moja likikosea, msasa utaliokoa. Mkuku ukikosea, kila kitu juu yake kitakosea pamoja nao, na hakuna rangi itakayoficha. Lakini mkuku ni mnene, na mvuke hauingii vizuri ndani yake. Kwa mkuku mnene uliopinda, njia bora si kuuchemsha. Hupasuliwa katikati kwa urefu, nusu moja ikageuzwa ncha kwa ncha, kisha zikaunganishwa tena kwa gundi huku zimebanwa juu ya kioo. Mvutano wa nusu moja hupingana na wa mwenzake, na zote mbili hutulia. Kazi ni ya saa moja na nusu, gundi ikishika usiku kucha. Fundi mwenye haraka ataona ni usumbufu. Alinganishe na kuanza chombo upya.

Foromali nayo, mti ule mrefu unaobeba tanga, huwasumbua wengi kwa kuwa ni mwembamba na mrefu. Wenye majahazi makubwa walilitatua jambo hili zamani: foromali ndefu mara nyingi si mti mmoja, ni miti miwili au zaidi iliyopishanishwa na kufungwa kwa kamba. Kwenye kijahazi, kufanya hivyo hivyo huokoa mbao fupi zilizonyooka, na tena humpa mnunuzi kitu cha kweli cha kutazama. Mlingoti, kwa upande wake, mara nyingine hupinda bila kosa la mbao. Kamba za upande mmoja zimekazwa kuliko za upande wa pili. Fundi huzilegeza zote, huusimamisha kwa timazi, akakaza kidogo huku na kidogo kule.

Vipi kama kosa limegunduliwa baada ya gundi kushika? Hapo wengi huvunja moyo mapema mno. Gundi nyeupe ya mbao hulegea ikipata joto na maji. Kitambaa chenye maji kikiwekwa juu ya ufito ulioungwa vibaya na kupitishwa pasi ya moto kwa muda, ufito unaweza kuinuliwa taratibu kwa kisu butu, ukaondolewa, ukanyooshwa na kurudishwa. Gundi za kukauka kwa dakika moja hazina huruma hiyo. Anayejenga kwa hizo ajue kwamba hana nafasi ya kurudi nyuma kwa urahisi.

Lakini mara nyingi chombo hujisokota wakati wa kujengwa, si baada yake. Fundi amefunika ubavu wa kulia wote, kisha ndio aanze wa kushoto. Fito za kulia, zikikauka na kuvuta, hukuta hakuna wa kuzipinga, zinaupeleka mkuku upande wao. Dawa ni ufito mmoja kulia, ufito mmoja kushoto, jozi kwa jozi mpaka juu, huku mkuku umefungwa kwenye ubao mzito wa kujengea na haufunguliwi mpaka fito nyingi zimeshika. Vipande vya mbao vilivyojazwa kati ya mataruma, hasa omoni na tezini, huongeza ugumu sana. Kwa kweli, fundi anayefuata jambo hili moja tu la jozi kwa jozi atapunguza nusu ya matatizo yake bila kuchemsha hata kikombe cha maji.

Wapo wanaosifu amonia, kwamba hulainisha mbao haraka. Ile ya dukani ya kusafishia nyumba ni maji kwa sehemu kubwa, na maji hayo ndiyo yanayofanya kazi. Kinachobaki ni mvuke unaochoma macho na kifua, na mbao zingine hubadilika rangi. Haifai, hasa palipo na watoto. Kifua pia kiangaliwe wakati wa msasa: vumbi la mvule huwasumbua watu wengi, na kitambaa puani ni bora kuliko kikohozi cha mwezi mzima.

Sasa turudi kwa yule msafiri na sanduku lake. Hewa ya kisiwa hiki huiacha mbao ikiwa na maji karibu asilimia 14 au 15. Nyumba ya Ulaya yenye kupashwa joto wakati wa baridi huishusha mpaka asilimia 6 hadi 8. Kwa tofauti hiyo, ubao wa upana wa milimita 50 unaweza kusinyaa karibu milimita nzima, na milimita moja kwenye kijahazi ni ufa unaoingiza ukucha. Ufito wa milimita 5 husinyaa sehemu ya kumi ya hapo, na jicho halioni. Ndiyo sababu kufunika kwa fito nyembamba nyingi ni salama kuliko mbao chache pana, hata kama kazi yake ni ndefu. Nyuzi zifuate urefu wa chombo, kwa kuwa kwa urefu mbao karibu haisogei. Sitaha pana igundishwe katikati, kingo ziachwe zipumue chini ya ukingo wa ubavu. Na vanishi ipite ndani na nje. Haizuii unyevu kabisa, ila huufanya uingie na kutoka polepole, na pande zote mbili zikienda pamoja. Chombo cha kuchongwa kutoka gogo moja nacho kitobolewe ndani na kiini cha mti kiepukwe, maana hapo ndipo nyufa huanzia.

Kadi ndogo ndani ya boksi, yenye kusema kijahazi kisiwekwe karibu na kipasha joto wala dirisha la jua, haigharimu kitu. Mnunuzi aliyeambiwa mapema hapati mshangao.

Gharama ya mbao inazidi kupanda, na haitarudi. Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko katika kaunti hii, na mwaka 2018 serikali ya kitaifa ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma, hatua iliyosikika mpaka kwenye karakana ndogo kabisa. Fundi wa vijahazi kwa bahati hula kwenye mabaki: vipande vya chini ya majahazi ya Matondoni, miguu ya meza, milango ya zamani. Mbao ya mlango wa zamani, kwa kuwa imekaa miaka mingi ikizoea hewa hii, hupinda kidogo kuliko mbao mpya ya dukani, na anayeipata asiipite. Ila vipande hivyo vina ukomo, na kila kinachotupwa jikoni kwa sababu kimepinda ni fedha iliyochomwa.

Katiba ya mwaka 2010 iliweka vyuo vya ufundi vya vijiji chini ya kaunti, na karakana za vyuo hivyo ndipo mahali pa mwanafunzi kujifunza bomba la mvuke na jiliwa kubwa ambavyo fundi mmoja hawezi kununua kirahisi. Wanaotaka kuona mkuku na umbo la vyombo vya zamani kabla ya kuanza chao, Makumbusho ya Lamu yana mifano ya vyombo, ukiwemo mtepe ulioshonwa kwa kamba bila misumari. Mwanafunzi asimame mbele yake akautazame kutoka omoni, kwa jicho moja, kama anavyotazama ufito.

Jambo la mwisho ni la usiku mmoja. Ufito ulionyooshwa ukifunguliwa kwenye vibano, usigundishwe siku hiyo. Huachwa mezani bila uzito, hewa ikipita juu na chini, mpaka asubuhi. Ukiamka umenyooka, unaingia kazini. Ukiamka umerudi, unarudi majini kwa mara ya pili na kupitishwa zaidi. Ukirudi tena mara ya tatu, hupelekwa kwenye fungu la fito za omoni, na fundi huchukua mwingine.